Namba za Kila Jumanne

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kile kikohozi cha wifi kimemwachia apumue. Sisi tupo, kwa rehema za Mungu. Mama ametoka hospitali juzi. Leo asubuhi kanigombeza kwamba chai yangu imepoa kama maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo ujue nguvu zinarudi.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo, tena simu uliyoninunulia wewe. Kwenye simu nimeshindwa. Kila ulipopiga, Mama alikuwa ubavuni kwangu anangoja zamu yake, naye alikuwa hajajua. Barua hii anakuletea shemeji, utaipata Jumapili. Nakuomba kwa jina la Mungu, yale mashtaka yako dhidi ya daktari usiyapeleke Jumatatu kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyotupangia yule daktari wa kwenye simu, Mama asihangaike na foleni. Kila Jumanne saa nne nilisogeza cherehani, nikaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, na Mama akafunga kilemba kizuri kana kwamba watu wanakuja kumposa. Daktari alimwona uso tu. Mimi nilikaa pembeni na daftari, na kile kifaa cha kupimia presha mezani. Namba zikitokea nazisoma kwa sauti, yeye anaandika.

Maneno yake niliyajifunza yote, Kaka. Niliandika kwamba mzio ni mwili kuikataa dawa, na maudhi ni yale dawa inayoyaleta pembeni, kama kizunguzungu au miguu kuvimba. Niliandika kwamba dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Daktari alinisifu, akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na binti kama mimi. Nikavimba kichwa.

Shida ilikuwa Mama. Akiulizwa anajisikiaje, anajibu hajambo, Mungu ashukuriwe. Nilipomwomba aseme kweli kama anaona kizunguzungu, alinijibu kwamba mtu hasalimiwi na mwanamume asiyemjua akaanza kummwagia magonjwa. Na kile kifaa alikichukia. Alisema kinamkaba mkono kama polisi aliyekamata mwizi wa kuku.

Jumanne ya pili zikatoka namba kubwa, mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne. Daktari akauliza kama Mama ameruka dozi. Nikasema hajaruka, namhesabia mwenyewe. Wiki iliyofuata zikawa kubwa vilevile, akaongeza dawa kutoka nusu kidonge hadi kizima. Jumanne ya nne hazikushuka, akaandika kizima asubuhi na kizima jioni. Cheti cha dawa kilipokuja kwenye simu nikakipeleka duka la dawa. Mfamasia akaniuliza mara mbili kama bibi huyu anapimwa kweli. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba hupimwa kila wiki.

Alhamisi ya wiki ile ile Mama aliinuka kitini anipe uzi mwekundu, akaanguka kati ya meza na mlango, midomo imepauka. Hospitali muuguzi alipima akapata themanini na nne kwa hamsini. Akauliza ni nani aliyemwandikia mzee huyu dawa zote hizi. Ndipo ulipopiga ukanguruma kwamba yule ni mbabaishaji wa kwenye kioo na lazima afukuzwe kazi. Nami nikasema ndiyo, Kaka. Daktari naye alipiga, akaniomba nimhakikishie zile namba. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Tangu hapo nikipiga magoti sala hainitoki.

Sasa nisikilize, ndugu yangu. Namba zile hazikuwa za Mama.

Ile Jumanne ya pili Mama alikataa katakata kufungwa kifaa, na daktari alikuwa ameshatokea kwenye simu, anasubiri. Niliona aibu, na nikaogopa atatuacha. Nikakifunga mkononi mwangu, chini ya meza. Nilijiambia mama na mwana ni damu moja, tofauti itakuwa ndogo tu. Mimi nilijijua mzima, siumwi hata kichwa. Wiki mbili zilizofuata sikumuuliza hata Mama kama atakubali, nikajifunga moja kwa moja. Asije mtu akanitetea kwamba sikusoma. Maneno nilikuwa nayo yote daftarini. Mimi fundi wa cherehani kwa miaka ishirini na sita, ambaye sijawahi kupima mteja mmoja nikamkatia mwingine kitambaa, nimemmezesha mama yetu dawa kwa vipimo vya mwili wangu.

Jana asubuhi nilimpigia daktari nikamweleza. Safari hii sikusingizia mtandao. Nilingoja matusi. Akaniuliza kama mkono ule ulikuwa wangu mara zote tatu. Nikasema zote. Akasema, basi mama, mgonjwa wangu ni wewe, na hakuna anayekutibu. Akanituma hospitali saa ile ile. Walipopima walipata mia moja themanini na moja, hawakuniruhusu hata kurudi kufunga duka langu la ushonaji mpaka jioni.

Nimeanza vidonge leo. Mama nimemweleza yote. Alinitazama, akavua kilemba, akanyoosha mkono wake mwenyewe kwenye kile kifaa, akasema, haya, nikabe.

Kaka, hasira yako ni haki, ila mlango wake ni huu wangu. Yule kijana asipoteze kazi kwa mkono wangu. Ukiona vyema kunigombeza, nipigie. Mama akiwa ubavuni si neno tena.

Wasalimie wote nyumbani, watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi dada yako mdogo, mwenye kukupenda,
Fundi