Nekesa Ameingia Kazini

Kwako mdogo wangu Rispa,

Mguu umepona, ama bado unausingizia ukitaka kukwepa shamba? Nakusalimia wewe na wote wanaokula katika jiko lako. Hapa mtaani Kianda mwili wangu hauna neno. Anayeniandikia ni jirani yangu Felista, fundi wa nguo, na nimemwambia asinilainishie maneno.

Rispa, kuna jambo sijakwambia tangu tumzike mjukuu wangu Nekesa. Simu yake ilibaki kwangu. Unajua alikuwa anaweka faili za wagonjwa kwenye kompyuta ya kliniki, kule Kawangware, kituo cha matatu cha 46. Kuna wakati mtu aliingia kwa jina lake akaharibu kazi, na yeye ndiye akagombezwa. Basi akaitega ile kompyuta: yeyote akiingia kwa jina la Nekesa, simu yake inalia na ujumbe unafika.

Niliporudi hapa kutoka kuzika huko nyumbani, simu ikalia. Asubuhi, wakati wa watu kufika kazini. Nikampelekea Felista. Akasoma, akaiweka chini haraka kama imemchoma.

"Inasema Nekesa ameingia."

"Ameingia wapi na tumemzika?"

"Mama, mimi nasoma tu."

Kesho yake tena, hata Jumapili. Mwishowe nikawa naingojea. Ikilia namwambia, "Umefika, mama? Kazi njema." Usinicheke. Lakini roho ilinisumbua, nikakumbuka kosa letu. Mochari tulimwambia twende nyumbani, kama tunavyowaambia watu wetu ili roho isibaki nyuma. Lakini Nekesa alianguka akafia kazini, kwenye kiti chake, na huko hakuna aliyeenda kumwambia.

Nikaenda kliniki. Kwenye kile kiti nikamkuta msichana anaitwa Mercy, akaniita shosho kama nyanya yake mwenyewe. Nilipomwonyesha simu, akausoma ule ujumbe.

"Shosho, ni mimi. Jina langu halifungui faili zote. Nekesa alikuwa amenipa neno lake la siri, nikaendelea nalo. Sikujua ujumbe unakufikia."

"Yaani mnamfanyisha marehemu kazi? Hamna haya?"

Akalia. Nikamvuta kifuani, mtoto mwenyewe mifupa mitupu, nikamuuliza kama amekula. Halafu nikamuuliza, "Na ile ya Jumapili pia ni wewe?"

Akanitazama. "Shosho, Jumapili hatufungui."

Mkubwa wao akasema ni mitambo tu, na kwamba atalifunga hilo jina kabisa. Hapo ndipo nilishindwa, Rispa. Likifungwa, sitamsikia tena. Likiachwa, hatapumzika. Nikashika kiti nikasema kwa nguvu, hata wagonjwa kwenye foleni wakageuka: "Nekesa, kazi imeisha. Inuka twende kwetu."

Nikaitikia kwa kichwa, wakalifunga lile jina.

Simu haijalia tena. Bado naichaji.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie aache kubishana na daktari. Nisalimie mke wa mwanangu, mama yake Nekesa, lakini haya usimwambie, bado kidonda ni kibichi. Na wifi yetu wa pale mtoni, hata kama hatusemezani.

Wewe nenda kaburini peke yako, umwite kwa jina, ukae kidogo usikilize. Kisha unipigie, uniambie ukweli, usinionee huruma. Sijui kama alinifuata, ama niliwaambia wafunge mlango yeye akiwa bado ndani.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda hata ukinikasirikia,
Nanjala