Mwana wa Alhamisi

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla ya tarehe thelathini, maana nimefika mahali ambapo najiogopa mwenyewe.

Mimi ni wakili, nina mke, nina heshima yangu mjini, na yote yalianza miaka mitatu iliyopita nilipokwenda nyumbani kwa mama mmoja mjane, asiyeona, aliyetaka mahakama itamke kwamba mwanawe wa pekee, aliyeondoka bila kuaga, amekwisha kufa, nami nilipomshika mkono aweke dole gumba kwenye karatasi akanipapasa uso, akaniita kwa jina la huyo mwanawe, na mimi, ambaye mama yangu alifariki sijaota meno, nikaitika, "Naam, mama." Nilidhani nampoza moyo mara moja tu. Ombi lile hatukulipeleka tena.

Shangazi, tangu hapo kila Alhamisi mchana mke wangu anajua niko mahakamani, kumbe niko kule, navua suti nyuma ya mlango, navaa shati la mwanawe ambalo mama hulipiga pasi mwenyewe kwa kupapasa, nakaa kwenye kitanda cha huyo mwanawe, nasimulia safari ambazo sikusafiri, na mwanzoni shati lilinibana mabegani, sasa linanitosha, na zile safari nazikumbuka.

Mwezi uliopita mwanawe akarudi. Alikuja ofisini kwangu na kitambulisho, akasema, "Wakili, mama kanifukuza mlangoni. Anasema mwanawe yupo, huja kila Alhamisi." Nikamwambia akae, nikachukua kitambulisho kana kwamba nakwenda kutoa nakala, nikapiga simu polisi, kisha nikaandika hati ya kiapo kwamba huyu ni tapeli na kwamba mwana wa kweli namjua, na sasa yule mtu yuko rumande anangoja hukumu ya tarehe thelathini, na kitambulisho chake kiko mfukoni mwangu ninapoandika haya.

Siku ya kesi karani aliita jina la mshtakiwa, tukaitika wawili, yeye kizimbani na mimi kwenye benchi la mashahidi. Watu walicheka. Hakimu hakucheka.

Alhamisi iliyopita nilimuuliza mama kama ana hakika. Alikuwa ananikata kucha. Akasema polepole, "Yule nilimjua kwa hatua zake tu, si nilimzaa? Lakini aliniacha, na wewe huja. Mwache huko huko."

Nikisema kweli nampoteza mama na uwakili, nikinyamaza mtu atafungwa kwa kujiita jina lake, na asubuhi mke wangu akiniita kwa jina langu sigeuki. Nifanyeje?

Wakili,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilifungua madirisha yote. Pole. Kukua bila mama ni jeraha, na kwa kuitika mara ya kwanza sikulaumu. Mara ya pili uliitika ukijua unachofanya.

Shati umelitolea maneno mengi kuliko mtu uliyemweka rumande. Yeye analala sakafuni kwa sababu alipiga hodi kwao.

Na huyo mama usijidanganye. Anamwadhibu mwanawe aliyemkimbia, na fimbo aliyoiokota ni wewe. Hasira zikimwisha ataitupa.

Sasa sikiliza. Leo mweleze mkeo kila kitu, asije akasikia kwa majirani. Kesho tafuta wakili mwingine, maana mganga hajigangi, mwende polisi, utoe kitambulisho na ukane kiapo chako. Leseni watakunyang'anya, na huenda wewe ndiye utakayefungwa. Maji umeyavulia nguo, yaoge. Kwa yule mama usikanyage tena, hata kwa kuaga.

Miaka yote ya safu hii sijatoa siri ya msomaji. Lakini uliniandikia kwenye karatasi ya ofisi yako, yenye jina na anwani, na wakili mzoefu hapitiwi na jambo kama hilo. Nadhani wakili aliyebaki humo ndani yako anataka apatikane. Kwa hiyo siku ya hukumu, saa tatu asubuhi, nitakuwa mahakamani, benchi la mbele, na barua yako mkononi. Kabla hakimu hajaanza kusoma, nitakungoja kidogo usimame. Usiposimama wewe, nitasimama mimi.

Shangazi