Sadaka ya Halako

Garsen, Mto Tana

Mke wangu Mwanakombo,

Salamu zangu zikukute umekaa kivulini, si umesimama mlangoni ukingoja habari. Hujambo wewe? Mama naye, miguu yake haijambo? Athumani na Mwanaidi wazima? Mimi ukiniuliza nitakwambia sijambo, nala, nalala, cherehani inazunguka. Lakini upweke umenikaba, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Tana imefurika. Mashamba ya mpunga na migomba ya Wapokomo yote yamelala majini. Pantoni imefungwa, Bwana Shauri wa serikali amekataza malori, na Vanga kwetu sasa naiona mbali kama Makka. Ndiyo sababu hamkuniona Idi. Nilishona kanzu za nusu ya mji huu, na siku yenyewe nikavaa yangu ya zamani, nikaenda kusali, nikarudi, nikala wali nyuma ya cherehani nimeelekea ukuta. Mwenye duka aliyenipa baraza yake ni mtu mwema, lakini yeye hula ndani na wakeze, na mimi si wa kuingia huko. Basi kila siku ni hivyo hivyo. Mchana watu tele, wanapimwa, wananitania kwa Kiswahili changu cha pwani. Likija sinia, nimebaki mimi na nzi.

Barua yako ilivushwa kwa mtumbwi, nikaisoma mpaka karatasi ikalegea. Kumbe Athumani amegoma! Ile sahani ya shukrani ya Ijumaa tunayompelekea Bi Mize, jirani yetu asiye na mtu, tangu marehemu baba yu hai, ameiweka chini na kukwambia, "Na sisi nani atuletee? Tumepewa nini hata tushukuru? Baba mwenyewe hatuna." Nawe wataka nimwandikie maneno makali, umsomee mbele ya mwalimu wake wa chuo cha Kurani, kabla hajawa mtu wa mkono wa birika.

Nilikaa kuyaandika. Wallahi yalikuwa makali. Nikafika kwenye "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," kalamu ikasita. Anayemlea ni nani? Mimi huku namlea kwa stempu. Nikaogopa, Mwanakombo. Niliogopa kuwa mtoto amesema kweli, na kwamba nikirudi nitamkuta mtu mwingine, mwenye moyo mkavu, na sitakuwa na neno la kumwambia.

Siku ya pili yake akaja Halako. Huyu ni binti wa Godana, mfugaji wa Kiorma anayeniletea shuka nizipinde. Hirimu ya Athumani wetu, mwembamba kama sindano zangu. Mafuriko haya yamewachukulia watu ng'ombe wengi, ila Godana aliwahi kuwapandisha wake mahali pa juu, wakapona. Kwa shukrani akawaambia wanawe kila mmoja atoe sadaka katika kilicho chake mwenyewe, akampe mtu anayemwona ana shida kuliko wote. Halako ana ng'ombe mmoja tu aliyepewa na babake. Akamkamua, akaja na kibuyu kimejaa, akakisimamisha juu ya meza yangu, juu ya suruali ya karani.

"Yako," akasema.

Nikamtazama babake aliyekuja nyuma. Nikadhani ni mzaha. Mimi, fundi Shee wa Vanga, mwenye kofia ya viua na viatu vya ngozi, nipewe sadaka? Uso ukaniwaka. Nikamwambia, "Binti, mimi si maskini. Mpelekee yule kiwete anayekaa pantoni."

"Yule iko na mama," akanijibu. "Wewe nakula peke yako."

Ningepewa kofi ningeona afadhali. Kumbe muda wote nilioelekea ukuta ili nisionekane, mtoto alikuwa akiniona, na kwao anayekula peke yake ndiye fukara hasa, hata akiwa na nini mfukoni.

Godana aliona haya kuliko mimi. "Fundi, samehe. Mimi nasema achague mwenyewe. Namwambia, fundi ni mtu mzima, ana kazi. Yeye nakataa. Nasema wewe tu."

Ningekataa, ningekuwa nimemfunza kwamba sadaka yake haifai. Nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Maziwa yao yana harufu ya moshi, kwa sababu vibuyu hufukizwa, nami nilizoea kuyakunjia uso. Siku hiyo niliyanywa yote, Halako amesimama ananitazama koo. Nikalia, mke wangu, na ndevu zangu hizi. Nilipomrudishia kibuyu, aliyesema ahsante ni yeye.

Nikamuuliza Godana, mbona mtoaji ndiye anashukuru? Akasema, "Ng'ombe ya watu nakwenda na maji. Ya huyu napona. Kama hakuna mtu ya kupokea, yeye shukrani yake napeleka wapi?"

Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria Bi Mize. Miaka yote tumempelekea sahani, na sikuwahi kujiuliza kupokea kunamgharimu nini. Umsalimie sana, umwambie namwombea. Msalimie mama, nami nikija nitamkanda miguu mwenyewe. Kaka yako seremala mwambie asiusahau mlango wetu wa uani. Mwanaidi mbusu mashavu yote mawili. Maji yakipungua na pantoni ikifunguliwa, napanda lori la kwanza, nguo za watu zitashonwa na mwingine.

Maneno makali nimeyachana. Athumani usimshurutishe. Yule tetea wake akitaga, mwambie mayai ni yake, achague mwenyewe ampe nani, yule anayemwona yuko peke yake kuliko wote. Usimtajie Bi Mize, usimtajie mtu yeyote. Na akikuletea wewe, Mwanakombo, usicheke, wala usimwambie kwamba huna shida. Pokea kwa mikono miwili, ule mbele yake.

Ni mimi mumeo, mwenye kukuwaza,
Shee, fundi cherehani