Kinachong'aa Ndani ya Machicha

Jumatano, 1 Oktoba
Ghanshyambhai, mkuu wa idara ya asidi, kasema tena kwamba platinamu yote imetoka. Vichocheo chakavu vya viwanda vya mafuta vimesagwa, vimechemshwa kwa asidi, kilichobaki ni machicha tu. Jumanne lori linayapeleka kiwanda cha saruji. Yakishachanganywa na saruji, basi tena!
Mimi siamini. Punje za safari hii ziliungua vibaya, zimejifunga. Asidi itapitia wapi? Lakini kutoamini si kupima. Nina hadubini ya elektroni. Nitapima.

Alhamisi, 2 Oktoba
Sikukuu ya Dussehra. Kila mashine kiwandani imepata ibada yake. Hadubini nimeivisha shada la maua ya manjano, nikaipaka alama nyekundu kwenye paji — kama ina paji. Kisha kaju katli, vile vipande vitamu vya korosho, zimebandikwa ile karatasi ya fedha halisi ya kuliwa. Farzana, anayeniandalia sampuli, kamaliza nusu boksi. Ati ibada ni yenu Wahindu, utamu ni wetu sote!
Mikono bado inanata, tukaandaa sampuli za machicha. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 3 Oktoba
Asubuhi — madoa meupe! Kwenye hadubini metali nzito hung'aa, unga wa kichocheo hubaki kijivu. Nikapiga kelele kama mwehu. Ghanshyambhai akaja na nusu ya idara yake.
"Jignaben, umeshapima kwa eksirei?"
Sikuwa nimepima. Nikapima mbele yao. Mstari wa kuonyesha metali ukapanda kwenye skrini — pa fedha. Fedha! Hapa kwetu haiingii kabisa. Farzana akatazama ndoo ya taka, lile boksi la kaju katli likimchungulia.
"Kumbe hadubini nayo ilifunga zile siku tisa za Navratri," akasema Ghanshyambhai. "Imefuturu!"
Kicheko mpaka ukumbini. Nilitamani ardhi ipasuke. Nina hasira naye, na mimi mwenyewe zaidi.

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimefikiri. Karatasi ya fedha hukaa juu ya punje. Ninachokitafuta kimo ndani. Basi nitazipasua.
Farzana kasema kosa ni lake. Nikamwambia ni letu, avue bangili, zisije zikaacha metali kwenye sampuli. Nimevua na zangu. Meza tumeiosha mara mbili. Maabarani hakuna kula tena, hata chai. Mkono bila bangili unaonekana wa mtu mwingine.

Jumatatu, 6 Oktoba
Machicha mapya, kutoka chini kabisa ya pipa. Punje tumezizamisha kwenye gundi, ikaganda, sasa tunasugua mpaka zifunguke matumbo. Farzana hana haraka. Nikimhimiza ananitazama tu, anasugua vilevile.
Ghanshyambhai kapita. "Leo mnapika nini?"
Nikaendelea kusugua. Akitaka kucheka na acheke.

Jumanne, 7 Oktoba
Naandika huku mashine inahesabu. Lori limefika, nasikia mapipa yakiviringishwa.
Punje ya kwanza — kijivu tupu. Ya pili vilevile. Ya tatu, katikati, mbali na ukingo, kuna nukta. Nyeupe! Sikupiga kelele. Nimemtuma Farzana akamwite Ghanshyambhai.
Kaja. Kavua viatu mlangoni, kitu ambacho hajawahi kufanya humu, kanawa mikono.
"Fedha?"
"Tazama mwenyewe, bhai."
Mstari umepanda. Pa fedha hakuna kitu. Umesimama pa platinamu, na bado unapanda.
Kainamia skrini. Kisha: "Punje moja si pipa, Jignaben."
Kweli. Hilo linaniuma kwa sababu ni kweli. Ijumaa ningebishana. Leo nimesogeza sampuli, natafuta ya nne.
Simu yake inaita — watu wa lori, wamemaliza kupakia, wanataka sahihi yake ndipo waondoke. Kaitazama, kaigeuza kifudifudi mezani. Kavuta stuli ya Farzana, kakaa.
"Endelea," kasema.
Honi huko nje. Ya nne kijivu. Ya tano —