Uyoga Kama Matumbawe

Jumamosi, 5 Aprili 2025
Bibi kanichukua kwenda kuokota uyoga! Mara ya kwanza. Mvua ilikesha, na asubuhi akasema tu: Dusabe, vaa mabuti. Akabeba kapu, na juu yake panga na kamba ya kuni. Kamba ya nini? Nikaelewa njiani, jirani yetu Mama Kokuberwa alipotuuliza tunaenda wapi. "Kuni tu, mwanangu," Bibi akajibu. Kuni, na miti yote imelowa hivi! Niliuma midomo nisicheke.

Yeye alitangulia, mimi nikakanyaga alipokanyaga. Sitaandika ni wapi, hata humu. Niliapa. Bibi anasema hata Mama hajawahi kuonyeshwa, kwa sababu mdomo wake hauna kitasa.

Sasa — chini ya mti, kwenye majani yaliyooza, nikaona kitu. Si mwavuli kama uyoga mwingine. Matawi, na matawi juu ya matawi, zambarau chini, ncha za njano. Kama matumbawe kwenye kitabu cha jiografia! Bahari sijaiona, lakini matumbawe nayajua. Bibi: "Achana nazo, ni kucha za kuku. Chungu." Nikavunja kimoja juu ya shina, alivyonifundisha, ili kilichobaki kiote tena.

Jumapili, 6 Aprili
Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Jana jioni nilikilaza kile kipande cha uyoga kwenye karatasi, nusu nyeupe, nusu nimeipaka masizi, nikafunika na bakuli. Nilisoma kwamba uyoga huangusha spora, yaani mbegu zake, na rangi ya huo unga husaidia kuutambua. Leo nimefunua: njano! Njano ya vumbi, kama poda. Hakuna mtu nyumbani wa kumwonyesha ambaye asingeuliza kama kinaliwa.

Jumanne, 8 Aprili
Nilimpelekea Madam Mackrine, wa baiolojia, uyoga wangu na karatasi yake. Nilitaka kumpa pembeni, akaniita mbele ya darasa zima. Aristides akapaza sauti: "Madam, Dusabe kaleta mboga, ugali uko wapi?" Darasa likalipuka. Lakini Madam hakucheka. Aligeuza ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha, polepole, kisha akapiga picha na kumtumia mwalimu wake wa zamani wa chuo, mtafiti wa uyoga.

Alhamisi, 10 Aprili
AMEJIBU! Madam alinisomea ofisini. Yule mtafiti hajawahi kuuona. Inawezekana una jina na yeye halijui, inawezekana hauna jina kabisa. Huku kwetu karibu hakuna aliyewahi kukusanya uyoga wa aina hii. Hauna jina! Yaani upo, unaota kila masika, na hakuna kitabu kinachojua.

Lakini nilikosea kuvunja. Shina na kitako vinatakiwa, huko ndiko kwenye alama nyingi za kuutambua. Anataka mwingine mzima, umekaushwa — na mahali hasa ulipoota, simu itapasoma kwa GPS. Bila mahali, alisema, ni picha nzuri tu.

Madam akasema Jumamosi twende wote. Nikatikisa kichwa kukubali. Kwa nini? Kwa sababu kusema hapana kunahitaji sauti.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimemwambia Bibi tukimenya ndizi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akauliza: huyo mtu akipajua, atakuja kuokota? Nikasema hapana, ataandika tu. "Kuandika si ndiyo kuwaambia watu wote?"

Kisha akanieleza. Walipofika kutoka Rwanda walilimia watu, na mvua ikizidi kazi hakuna. Mama yangu na wajomba walikula uyoga wa pale. "Wenzangu wana migomba na kahawa. Shamba langu mimi ni lile. Halina hati. Lina kunyamaza tu."

Nikasema kile cha matawi hatukili hata. Akasema: "Lakini kinaota pamoja na tunachokula, au sivyo?" Ndiyo. Mti uleule.

Nataka jina lake. Nalitaka sana. Nikifumba macho naona zile ncha za njano.

Jumamosi, 12 Aprili, asubuhi
Madam yuko uani! Amekuja na bodaboda, peke yake, mabuti mapya, bahasha za kaki mkononi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwalimu, karibu." Bibi kampa kiti na kahawa, wanazungumzia mvua kama ndugu. Madam kashawasha simu, inatafuta mtandao.

Nimeingia ndani kuchukua kisu. Naandika nimesimama.

Bibi amepita hapa sasa hivi. Kachukua kapu. Kachukua na kamba ya kuni. Vyote viwili! Nikamuuliza kwa macho. Akanishika bega: "Leo tangulia wewe. Sisi tutafuata."

Kuna mahali njia inagawanyika. Upande mmoja una kuni tu, mwingine unafika kwenye ule mti.

Madam anauliza kama ni mbali. Bibi anamjibu: "Muulize Dusabe, yeye ndiye anajua."

Wananiita