Mkono wa Mama Émérance

Jumatatu, 5 Machi 1962

Leo nimepiga picha tribinali, ndani ya mahakama! Kesi ya maziwa. Déogratias, mkubwa wa stoo ya msaada, anashitakiwa kuuza maziwa ya unga ya watoto wa wakimbizi. Watu wamejaa mpaka madirishani. Shahidi ni mmoja tu: Mama Émérance, mkunga wa Kalundu. Jaji aliniruhusu picha moja. Moja! Nikangoja. Alipoinua mkono kuapa, kidevu juu, macho yakimtazama Déogratias — nikabonyeza.

Nimeisafisha mbiombio, kamioni ya kuipeleka Bukavu inapiga honi nje. Gazeti la huko likiipenda, watanipa kadi ya mwandishi.

Jumamosi, 10 Machi

Imetoka! Ukurasa wa kwanza! Nimeteremka Kalundu kuwaonyesha wauza samaki, kifua mbele. Mama mmoja akatazama, akashika mdomo: kumbe aliapa na mukono ya kushoto, basi alidanganya! Nikacheka. Kisha nikatazama mwenyewe. Kweli, wa kushoto.

Nimekimbia nyumbani. Filamu niliiweka kinyume kwenye mashine ya picha, kulia kukawa kushoto. Haraka yangu hiyo! Aliinua wa kulia. Niliuona.

Jumatano, 14 Machi

Nimepiga simu Bukavu toka posta. Mkubwa wa gazeti anasema ninyamaze. Gazeti likijisahihisha litachekwa, na kadi nisahau. Nimenyamaza. Mwoga mimi.

Hukumu ni Jumatatu. Karani anasema hata jaji sasa hakumbuki ulikuwa mkono upi — wote wanakumbuka gazeti! Na wajawazito wanamkataa Mama Émérance: mkono ulioapa uongo usipokee mtoto wao. Nimemwona amekaa mlangoni kwake, sanduku la kazi limefungwa. Nimepita upande wa pili wa barabara. Aibu imenijaa.

Ijumaa, 16 Machi. Asubuhi

Mke wangu Florentine ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mapema mno! Daktari amepanda milimani, Bijombo. Nani mwingine? Nimekwenda kumwita Mama Émérance. Amekuja bila kuuliza kitu.

Mke wangu alipomwona mlangoni akanipigia kelele:

— Baba Georgette, hapana! Mukono ile isiniguse!

Hapo nikashindwa kunyamaza.

— Ni minye, nikasema, nikijigusa kifua. Minye njo niligeuza picha. Mama aliapa na mukono ya kuume.

Florentine alinitazama kana kwamba nimeingia nyumba isiyo yangu. Mama Émérance akaweka sanduku chini, polepole.

— Weye? Siku sita minakaa kwangu, minawaza pengine minye mwenyewe nilikosea mukono.

Maskini, hata yeye alianza kuliamini gazeti! Akakunja mikono ya blauzi, akauliza kama maji ya moto iko. Florentine akamnyooshea mkono, akilia: kuja, mama, kuja.

Niko nje, naandika juu ya goti. Uchungu unazidi. Florentine anaita jina la mama yule, si langu. Sasa hivi Mama Émérance amesema nyuma ya pazia:

— Mutoto akitoka, tunaenda kwa jaji, minye na weye. Umesikia?

Nimejibu ndiyo. Sauti ilitoka ndogo. Ameuliza tena — nikapaza sauti: ndiyo, mama, tunaenda!