Ufito wa Baba

Alhamisi, 14 Novemba 1996

Mtihani umekwisha. Shule imekwisha. Nimerudi nyumbani Ifakara kungoja matokeo na kupepeta mchele. Kazi yangu nyingine – kumshikia Baba ufito.

Landrova yetu haina geji ya mafuta, ilikufa zamani. Kwa hiyo Baba huinua kiti cha dereva, hufungua mdomo wa tanki ulio chini yake, huzamisha ufito wa mwanzi, huutoa na kuusoma. Hahesabu lita. Amechonga alama kwa kisu, na kila alama ni mahali: ya chini Idete, inayofuata Lupiro, ya juu kabisa Malinyi. Zote ni kwenda na kurudi. Leo alisema, "Tuna Idete," akafunga, akaridhika.

Alama ya Malinyi haijawahi kulowa tangu ichongwe. Baba hapendi tanki lijae. Anasema gari lenye mafuta ni la ukoo, gari kavu ni la mwenyewe. Jioni Baba Mdogo Kasmiri alikuja kuomba apelekewe mabati yake. Baba akajikuna kisogo, akasema pole mdogo wangu, mafuta hakuna. Kila akimnyima mtu hujikuna hapo hapo. Mama akasema siku moja kisogo kitatoboka.

Jumapili, 17 Novemba

Leo kanisani limesomwa tangazo la tatu la ndoa ya Dada Levina na Alphonce. Alphonce ni mwalimu, kwao Lupiro, ng'ambo ya mto. Ndoa itafungwa huko tarehe 30, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio. Paroko wa Lupiro ameshasema: Majilio hafungishi ndoa ya mtu, hata awe mjomba wake. Wakiikosa siku hiyo, ni mpaka Noeli ipite. Na kimea cha pombe kimeshalowekwa. Pombe haijui Majilio.

Bibi harusi atakwenda kwa Landrova. Mama akauliza, "Baba Levina, safari hii si utajaza?" Baba akajibu kwamba Lupiro ni Lupiro, alama ipo.

Levina alinikanyaga mguu chini ya meza. Sijui kwa nini mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Jambo la ajabu!

Kwanza niandike kuhusu kichuguu. Stata nayo ni mbovu, na gari haliwaki bila mteremko. Ifakara yote ni kama mkeka. Basi Baba alisawazisha kichuguu kilichokuwa uani, na hapo juu ndipo Landrova inapolala, pua imeinama kuelekea barabarani. Asubuhi anaachia breki, gari linateremka, linanguruma, kuku wanatawanyika.

Leo tulipima kichuguuni kabla ya kutoka: Lupiro. Tukapeleka mpunga mashineni. Pale ni tambarare, hivyo hatukuzima injini. Baba akaniambia nipime tena. Hata Idete haikulowa. Akasema nimeshika kwa aibu, ufito unataka mtu jasiri. Tukarudi, tukapanda kichuguu, akapima mwenyewe: Lupiro!

Yaani gari limeongeza mafuta njiani. Baba hakushangaa. Alimwambia Mama hiyo ndiyo tofauti kati ya dereva na mshika usukani.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeelewa. Nilikuwa naosha vyombo. Sufuria lilikaa upande juu ya jiwe, maji yote yakakimbilia ukingo mmoja – huku yamejaa, huku pakavu.

Gari likiinama kichuguuni, petroli yote huenda mbele, pale pale ufito unapotua. Kichuguu kinatudanganya.

Nikamwonyesha Levina kwa sufuria. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Kamwambie Baba," akasema.

"Mwambie wewe, ni harusi yako."

"Bibi harusi hasemi habari za petroli. Wewe ndiye msomi."

Msomi! Mimi hata nikimwamkia mgeni, shikamoo yangu inaangukia kwenye vidole vya miguu.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimejaribu. Nilingoja Baba amalize chai. Nikasema, Baba, labda tungepima mahali pa tambarare. Akaniangalia kwa huruma. Akasema tambarare imejaa Ifakara nzima, ndiyo maana yeye akahangaika kujenga kilima. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Jambo likaishia hapo.

Baadaye nilimwambia Mama jikoni. Alinisikiliza, akaacha kukoroga. Akaenda kuzungumza na Baba nyuma ya nyumba. Nilisikia tu Baba akisema akijaza leo, kesho harusi nzima itataka kupelekwa Mahenge kusalimia wajomba.

Amepima jioni. Kichuguuni. Lupiro, na unywele mmoja juu yake.

Levina amefungwa rola za nywele, hawezi kulala. Kila nikigeuka ananiuliza kama kweli maji yalikimbilia upande mmoja.

Jumamosi, 30 Novemba – kivukoni

Naandikia mapajani, gari linatikisika. Kivuko kiko ng'ambo, kinapakia. Tumekaa kwenye foleni tangu umande haujakauka, na muda wote injini inanguruma. Baba hawezi kuzima. Mteremko upo mbele ya foleni, ndiyo, lakini unaishia mtoni.

Levina yuko mbele, gauni limemfika kidevuni, ananusa petroli badala ya marashi. Mama anasali rozari. Misa ni saa sita. Kutoka ng'ambo hadi Lupiro bado kuna safari.

Injini imekohoa.

Imekohoa tena. Baba ameshuka. Ameinua kiti, amefungua tanki, kisha akanipa mimi ufito mbele ya foleni nzima. Sijui kwa nini hakupima mwenyewe. Wauza samaki walisogea kutazama.

Nilizamisha mpaka chini. Nilihisi chuma. Nikautoa. Ncha tu ndiyo imelowa, kama kidole kilichoonja mchuzi.

"Tuna wapi?" Baba akauliza.

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Halafu nikamwangalia yeye.

"Tuna hapa, Baba."

Hakuna aliyecheka. Baba aliutazama ufito, akautazama mchanga chini ya magurudumu, sawa kama meza. Akaingiza mkono, akazima injini mwenyewe. Sikujua kivukoni kuna ndege wengi hivi.

Levina amevua viatu vyeupe, amempa Mama avishike. Anasema kama ni kusukuma, atasukuma. Kivuko kimeng'oa nanga, kinakuja.

Malori yaliyo mbele yetu yote ni ya dizeli. Nyuma yetu kuna pikapu moja, ya petroli, na mwenyewe kaegemea mlango. Baba amechukua ufito na dumu, anamwendea. Anatembea polepole, kama Baba Mdogo Kasmiri anavyotembea akija kwetu. Sisikii wanachosema. Mama ameacha rozari, amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika.

Mwenye pikapu ameinua mkono, anajikuna kisogo.